Mashtaka ya jinai: Mwathiriwa anavyoweza kumfikisha mhalifu mahakamani bila wakili

MKULIMA wa ndengu wa viunga vya Kiritiri akikatwa panga katika ugomvi wa mpaka wa shamba, ushauri wa kwanza anaopewa na majirani ni atafute pesa za wakili. Huuza mbuzi wawili au watatu, akapanda matatu hadi mjini Embu, na huko hulipia huduma ambayo kwa sehemu kubwa hakuihitaji.

Dhana hii imeenea mno, si katika Mbeere Kusini pekee, bali kote nchini. Wengi huamini kwamba asiye na wakili hana kesi. Ukweli ni kwamba sheria ya Kenya humhitaji wakili zaidi katika kesi za madai kuliko katika kesi za jinai, na hata katika hizo za madai haimlazimishi mtu kuwa naye. Kosa la jinai huhesabiwa kuwa limetendwa dhidi ya umma mzima. Ndiyo sababu hati ya mashtaka husomeka "Jamhuri dhidi ya" fulani, wala si jina la aliyeumizwa dhidi ya jina la aliyemuumiza. Anayeiendesha kesi hiyo ni kiongozi wa mashtaka, ambaye hulipwa mshahara na serikali. Mwathiriwa huwa mlalamishi na shahidi, na hadaiwi hata senti moja kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, kuna hali ambapo polisi hukataa kuchukua hatua, au faili hupotea, au mshukiwa ni mtu wa tabaka ambalo maafisa hawataki kuligusa. Hapo sheria imeacha mlango mwingine wazi, ambao raia wachache sana wanaujua: mwathiriwa anaweza kwenda kwa hakimu yeye mwenyewe, akalalamika kwa mdomo, na kuomba ruhusa ya kuiendesha kesi kwa nafsi yake. Mlango huo ni mwembamba, na aupitaye anafaa kujua mapema vilivyo nyuma yake.

Kituo cha polisi kwanza

Safari huanzia kituoni. Malalamishi huandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho kila mtu hukiita OB, na mlalamishi ana kila sababu ya kudai nambari ya ukurasa huo na tarehe yake kabla ya kuondoka. Nambari hiyo ndiyo ushahidi wake wa kwanza kwamba alipiga ripoti, na kama itakavyoonekana, huenda kesi nzima ikaitegemea baadaye.

Kisha huandikisha taarifa. Afisa huiandika, naye mlalamishi huitia sahihi. Kosa ambalo watu wengi hulifanya hapa ni kutia sahihi bila kusomewa. Mzee wa Mbeere asiyejua kusoma Kiingereza ana haki ya kusomewa taarifa hiyo kwa lugha anayoielewa, na kurekebisha palipokosewa. Miezi kumi baadaye wakili wa mshtakiwa ataishika karatasi hiyo mkononi na kumuuliza mbona kizimbani anasema panga ilhali kwenye taarifa alisema rungu.

Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya P3. Polisi huitoa bila malipo, na hujazwa na mhudumu wa afya aliyeidhinishwa, ambaye hueleza aina ya jeraha, umri wake na kiwango cha madhara. Ni heri kwenda hospitalini mara moja na kuhifadhi kadi ya matibabu, kwa kuwa daktari huijaza P3 akitegemea rekodi hizo. Shati lenye damu, panga lililookotwa, mlango uliovunjwa, vyote hukabidhiwa afisa wa upelelezi na kuorodheshwa, wala havifuliwi wala kuoshwa.

Faili ikikamilika hupelekwa katika Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP, ambayo ina matawi katika kaunti zote, Embu ikiwemo. Zamani viongozi wa mashtaka katika mahakama za chini walikuwa maafisa wa polisi. Chini ya Katiba ya 2010 na sheria ya afisi hiyo ya 2013, kazi hiyo ilihamishiwa kwa mawakili wa serikali. Wao hujiuliza maswali mawili: je, ushahidi uliopo unaweza kumtia mshukiwa hatiani, na je, ni kwa manufaa ya umma kumshtaki? Wakiridhika, mshukiwa hufikishwa mahakamani, na kwa wenyeji wa Mbeere mara nyingi huwa ni katika mahakama ya Siakago.

Kuanzia hapo mwathiriwa si mtazamaji tu. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 humpa haki ya kuwepo kesi inaposikizwa, kupewa habari za maendeleo yake, kutoa maoni yake mshtakiwa anapoomba dhamana au kukiri kosa dogo badala ya kubwa, na kudai fidia. Sheria hiyo yasema wazi kwamba maoni hayo anaweza kuyatoa yeye binafsi. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha nafasi hiyo ya mwathiriwa, lakini ikaonya kwamba hawezi kugeuka kuwa kiongozi wa mashtaka wa pili anayeishindilia serikali njia yake.

Polisi wakikataa

Wakazi wa mashambani wanayajua majibu wanayopewa: gari halina mafuta, mshukiwa amehama, hii ni kesi ya madai nendeni kwa wakili. Jibu hili la tatu hutolewa sana katika ugomvi wa mashamba, nalo mara nyingi si sahihi. Kifungu cha 193A cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, chaeleza kwamba kuwepo kwa kesi ya madai juu ya jambo lilo hilo hakuzuii kesi ya jinai. Anayegombania mpaka hana kibali cha kuikata migomba ya jirani wala kumvunja mkono.

Hatua inayofuata ni barua. Mlalamishi humwandikia mkuu wa kituo, na asiporidhika, kamanda wa polisi wa kaunti ndogo. Aandike kwa lugha rahisi: nambari ya OB, tarehe ya tukio, majina ya mashahidi, na kile ambacho hakijafanywa. Akipeleka barua abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Nakala nyingine apelekewe DPP, ambaye chini ya Kifungu cha 157(4) cha Katiba ana mamlaka ya kumwelekeza Inspekta Jenerali wa Polisi kuchunguza tuhuma yoyote, naye Inspekta Jenerali sharti atii.

Iwapo afisa ameitisha hongo, amemtisha mlalamishi au ameificha faili, malalamishi hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kuchunguza Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyobuniwa kwa sheria ya 2011. Mamlaka hiyo hushughulikia mwenendo wa polisi. Haimshtaki jirani aliyeiba mbuzi. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kungoja kwa mwaka mzima jibu ambalo haliwezi kutoka huko.

Ni barua hizi, zaidi ya uhodari wa kuzungumza, zinazofungua mlango wa hakimu.

Mbele ya hakimu

Kifungu cha 89 cha Sura ya 75 chasema kwamba mtu yeyote mwenye sababu za kuridhisha za kuamini kuwa kosa limetendwa anaweza kulalamika kwa hakimu mwenye mamlaka katika eneo hilo. Malalamishi yanaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo. Yakiwa ya mdomo, hakimu huyaandika, na wote wawili hutia sahihi. Hakimu akiona yanaonyesha kosa, huandaa hati ya mashtaka. Akiona hayaonyeshi, huyakataa na ni lazima aandike sababu zake. Akiyakubali, anaweza kutoa samansi ya kumwita mshukiwa, ila hawezi kuanza kwa kutoa kibali cha kumkamata isipokuwa mlalamishi amekula kiapo.

Kifungu cha 88 nacho humwezesha hakimu kumruhusu mtu yeyote kuiendesha kesi hiyo, na kinaongeza kwamba aliyeruhusiwa aweza kuiendesha mwenyewe au kupitia kwa wakili. Maneno hayo "mwenyewe au kupitia kwa wakili" ndiyo kiini cha jambo lote. Tena lugha ya mahakama za chini, kwa mujibu wa sheria iyo hiyo, ni Kiingereza au Kiswahili, basi hakuna anayeweza kumfukuza mkulima kwa kukosa Kiingereza.

Ruhusa hiyo, hata hivyo, haitolewi kama karanga. Katika miaka ya 1980, kesi iliyomhusu Nathan Kahara, aliyewahi kuwa Meya wa Nairobi, iliipa Mahakama Kuu nafasi ya kuweka masharti. Hakimu sharti aulize kama polisi au Mwanasheria Mkuu waliarifiwa na walijibu nini, mlalamishi anahusikaje, je, yeye binafsi ameumia au kupata hasara, au anasukumwa na chuki au siasa? Mahakama hiyo ilikubali kwamba katika mambo mepesi kama vile shambulio au kuingia shamba la mtu bila idhini, hakimu anaweza kuamua papo hapo hata kabla ya polisi kuarifiwa.

Mwaka wa 1997, katika kesi ya kampuni ya Floriculture International, Jaji Richard Kuloba alikaza kamba. Alitaka ithibitishwe kwamba serikali ilipewa nafasi ya kutosha ikakataa, kwamba kukataa huko hakukuwa na sababu ya maana, kwamba haki itapotea mshukiwa asiposhtakiwa, na kwamba mlalamishi ameumia kwa namna ya kipekee. Mahakama zimeendelea kuufuata uamuzi huo. Mtu anayetaka kumshtaki waziri kwa sababu amekasirishwa na ufisadi hawezi kufika mbali. Hata Chama cha Wanasheria cha Kenya kiligonga mwamba katika miaka ya 1990 kilipojaribu kuwashtaki washukiwa wa sakata ya Goldenberg. Aliyekatwa panga, kwa upande wake, ana kovu la kumwonyesha hakimu.

Hakimu akikataa bila msingi, Mahakama Kuu, ambayo ina kituo Embu, inaweza kuitisha faili na kuupitia upya uamuzi huo. Akikubali, sheria ya Afisi ya DPP ya 2013 humtaka aliyeanzisha mashtaka kumwarifu DPP kwa maandishi katika muda wa siku 30.

Kuna makosa ambayo njia hii haiyafikii. Mauaji husikizwa na Mahakama Kuu kwa mashtaka ya DPP, na ruhusa ya Kifungu cha 88 ni ya mahakimu tu.

Kesi ya 2005 na Katiba mpya

Anayetaka kuelewa jinsi mambo yalivyobadilika aitazame kesi ya mpigapicha wa runinga ya KTN. Mnamo Mei 2005, Lucy Kibaki, wakati huo mke wa Rais na sasa ni marehemu, alivamia afisi za magazeti ya Nation jijini Nairobi usiku kulalamikia habari zilizochapishwa kumhusu. Mpigapicha huyo alidai alizabwa kofi akiwa kazini. Alijaribu kumshtaki yeye mwenyewe kwa shambulio. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, aliingilia na kuikomesha kesi, na juhudi za kuupinga uamuzi huo katika Mahakama Kuu hazikufua dafu. Katiba ya zamani ilimpa Mwanasheria Mkuu uwezo wa kuitwaa kesi yoyote ya jinai na kuizima, bila kumweleza yeyote sababu.

Katiba ya 2010 iliukata uwezo huo mara mbili. Kwanza, chini ya Kifungu cha 157(6), DPP anaweza kuitwaa kesi iliyoanzishwa na mtu mwingine kwa idhini ya mtu huyo. Pili, hawezi kuiondoa kesi aliyoitwaa bila ruhusa ya mahakama. Mpigapicha wa 2005 hakuwa na ngao yoyote kati ya hizo. Ni ajabu kwamba mabadiliko makubwa hivyo yamepita bila kelele nyingi, ilhali vifungu vingine vya Katiba hiyo vimejadiliwa hadi vikachujuka.

Mzigo wa mwenye kesi

Aliyeruhusiwa kuiendesha kesi hubeba kazi yote ya kiongozi wa mashtaka. Ni sharti ampe mshtakiwa nakala za taarifa na ushahidi mapema, kwa kuwa Kifungu cha 50 cha Katiba chamhakikishia mshtakiwa haki hiyo. Huiomba mahakama itoe samansi kwa mashahidi wake, akiwemo daktari aliyejaza P3. Hutoa ushahidi wake mwenyewe kwanza, akahojiwa na upande wa pili, kisha huwaongoza mashahidi wake mmoja mmoja kwa maswali ambayo hayawatilii majibu mdomoni. Mwishowe hakimu huamua kama kuna kesi ya kujibu. Kipimo ni kile kile cha kesi yoyote ya jinai: hatia ithibitishwe pasipo shaka ya maana. Mashahidi wawili waliouona ugomvi wana thamani kuliko kumi waliousikia sokoni.

Tarehe ya kusikizwa ikifika na mlalamishi asiwepo, Kifungu cha 202 humruhusu hakimu kumwachilia mshtakiwa huru, isipokuwa aone sababu njema ya kuahirisha. Mvua iliyokata barabara yaweza kuwa sababu njema, mradi hakimu aambiwe. Fauka ya hayo, kesi ikitupwa, mahakama inaweza kumwamuru aliyeianzisha kulipa gharama za mshtakiwa. Lakini haitafanya hivyo ikiridhika kwamba alikuwa na sababu za kutosha za kushtaki. Ikionekana kesi ilikuwa ya upuzi au ya kusumbua tu, hulipwa fidia pia.

Hatari kubwa kupita zote ni kuharakisha. Kijana Stephen Lawrence alipouawa London mwezi Aprili 1993 na polisi wakaivuruga kesi, wazazi wake waliwashtaki washukiwa watatu wenyewe mwaka wa 1996. Walikuwa na mawakili mahiri, lakini ushahidi wa utambuzi ulikuwa dhaifu na watatu hao wakaachiliwa huru. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, aliyeachiliwa hakuweza kushtakiwa tena. Ilibidi sheria ibadilishwe ndipo mmoja wao, pamoja na mwingine ambaye hakuwa miongoni mwa watatu hao, wakatiwa hatiani Januari 2012, karibu miaka 19 baada ya mauaji. Katiba ya Kenya nayo hukataza mtu kushtakiwa mara ya pili kwa kosa ambalo aliachiliwa huru. Kwa hivyo, mwathiriwa wa Kiritiri mwenye shahidi mmoja anayesitasita afadhali aendelee kumsumbua DPP kwa barua kuliko kukimbilia Siakago.

Kungoja nako kuna mpaka. Makosa madogo, yale ambayo adhabu yake ya juu haizidi kifungo cha miezi sita au faini ya Sh1,000, au vyote viwili, sharti yafikishwe mahakamani katika muda wa miezi 12. Makosa mazito kama vile kujeruhi, ambalo adhabu yake hufika kifungo cha miaka mitano, au wizi wa mifugo unaoweza kumfunga mtu hadi miaka 14, hayana kikomo hicho.

Nchi jirani zina mlango kama huu. Nchini Uganda sheria ya mahakama za mahakimu humtaka hakimu kushauriana kwanza na kiongozi wa eneo kuhusu malalamishi ya raia, na kuyaandika aliyoelezwa. Kenya haina sharti hilo, ingawa barua ya chifu au naibu wake haijamdhuru mlalamishi yeyote.

Wazee na mbuzi wa fidia

Katika Mbeere, kama ilivyo upande wa Meru walipo wazee wa Njuri Ncheke, ugomvi mwingi humalizwa chini ya mti kabla ya kufika kituoni. Sheria hailipingi jambo hilo moja kwa moja. Kifungu cha 176 huzihimiza mahakama kuwapatanisha watu katika mashambulio mepesi na makosa mengine madogo ya kibinafsi, hata kwa kulipana fidia, na mwaka wa 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera ya kuitambua mifumo hiyo ya haki. Mlalamishi aliyeridhika anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kuyaondoa malalamishi yake.

Mpaka unawekwa kwenye ubakaji na unajisi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, uamuzi wa kuisitisha kesi ya aina hiyo si wa baba wa mtoto, si wa chifu, wala si wa wazee. Ni wa DPP, na mbuzi waliokwisha kulipwa hawaiondoi kesi mahakamani. Mwathiriwa wa makosa hayo anafaa kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya HIV, na kabla ya kuoga au kubadilisha nguo akiweza. Nambari 116 hupokea habari za watoto na 1195 za dhuluma za kijinsia, na hakuna malipo kwa kuzipiga.